Haramia akikamatwa na manowari ya Ulaya, anashtakiwa wapi? Tuzungumzie mikataba yenyewe

#1 Wakala_wa_Gati

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mwingine mdau mmoja aliandika kwamba mikataba ya ushirikiano kwenye operesheni za migogoro ni karatasi za mawaziri kupigia picha. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likarefuka, nikaona nilifungulie uzi wake.

Mimi si mwanasheria. Kati ya 2008 na 2012 nilikuwa wakala wa meli hapa Dar, kazi ya kukimbizana na makaratasi ya forodha na manahodha wenye hasira. Mnaokumbuka miaka ile mnajua ilivyokuwa. Septemba 2008 ilitekwa MV Faina ikija Mombasa na vifaru 33 tumboni. Aprili 2009 ikafuata Maersk Alabama, nayo ilikuwa njiani kuja Mombasa. Oktoba 2011 mambo yakafika mlangoni kwetu, ikashambuliwa meli ya utafiti wa mafuta upande wa Mafia na Wasomali saba wakakamatwa. Nahodha akishuka gatini swali lake la kwanza halikuwa maji wala mafuta. Aliuliza: nikitoka hapa nipite wapi?

Umoja wa Ulaya ulianzisha Operesheni Atalanta Desemba 2008, kazi ya kwanza ikiwa kusindikiza meli za chakula cha msaada kwenda Somalia. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeshatoa ruhusa tangu Juni mwaka huohuo, azimio namba 1816, kwamba manowari za nje zinaweza kuingia hata kwenye maji ya Somalia kwa makubaliano na serikali yake ya mpito. Manowari zipo, ruhusa ipo, mafuta yapo. Wakaanza kukamata.

Halafu?

Hapo ndipo uzi huu ulipo. Unao vijana saba kwenye sitaha ya manowari ya Kijerumani, mnaelea maili mia kadhaa kutoka pwani. Bunduki wameshatupa baharini, imebaki ngazi ya kupandia meli na mapipa ya petroli. Unawapeleka wapi? Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 105, unasema nchi iliyokamata maharamia bahari kuu, mahakama zake zinaweza kuamua adhabu. Soma tena hilo neno: zinaweza. Halijasema lazima. Serikali nyingi zilipoona "zinaweza" zikajisemea, basi sisi hatuwezi. Matokeo yake yakawa kamata na kuachia: wananyang'anywa silaha, wanapewa maji na biskuti, wanarudishwa kwenye boti yao. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mei 2010 wanamaji wa Urusi waliikomboa meli ya mafuta Moscow University, wakawaachia maharamia kwenye boti ya mpira katikati ya bahari bila vifaa vya kuongozea njia. Maofisa wa Urusi wenyewe walikuja kusema huenda wote walikufa.

Na sheria za operesheni ya Ulaya zilikuwa zimefunga mlango mmoja mapema: hakuna mtuhumiwa kukabidhiwa nchi nyingine mpaka kuwe na masharti yaliyokubaliwa na nchi hiyo, hasa kwamba hatateswa wala kunyongwa. Yaani bila karatasi, manowari yenye mizinga ni teksi isiyo na mahali pa kushushia abiria.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Kenya, tarehe 6 Machi 2009. Wala haikuwa mkataba mkubwa wenye mihuri. Ni kubadilishana barua tu: Ulaya iliandika, Kenya ikajibu "tumekubali". Ndani yake mlikuwa na mambo mazito. Aliyekabidhiwa afikishwe haraka mbele ya hakimu. Asihukumiwe kifo. Asihamishiwe nchi ya tatu bila ridhaa ya maandishi ya kikosi cha Ulaya. Na kikosi kilete kumbukumbu, vielelezo na mashahidi. Uingereza na Marekani zilikuwa zimeshawahi na barua zao miezi michache kabla.

Aprili 2010 Kenya ikatoa notisi ya miezi sita, mwisho wa Septemba mlango ukafungwa. Shelisheli walikuwa wameshakubali mwishoni mwa 2009, Mauritius wakafuata Julai 2011, na sisi Tanzania tukasaini Brussels tarehe 1 Aprili 2014. Mmesikia wapi habari hiyo? Mimi niliyekuwa nakula kwa meli sikuisikia hadi nilipokuta kesi iliyofunguliwa huko Ulaya juu ya mkataba huo wetu. Bunge la Ulaya lililishtaki Baraza la Umoja wa Ulaya, yaani mawaziri wa nchi wanachama, kwamba halikupewa taarifa wakati wa mazungumzo, na Juni 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaufuta mkataba.

Karibuni. Matusi hapana.

#2 Dodi_la_Pwani

Mkuu umeandika gazeti zima, ila nimelisoma mpaka kwenye matangazo. Kwa nini wasiwapeleke kwao tu? Mahakama wanazo, magereza wanayo, tena yana hita.

#3 Wakala_wa_Gati

@Dodi walijaribu. Aprili 2010 manowari ya Uholanzi iliikomboa meli ya Kijerumani Taipan na kukamata watu kumi, wakapelekwa Hamburg. Kesi ilianza Novemba 2010 ikaisha Oktoba 2012. Miaka miwili, mawakili wa kila mmoja, wakalimani, mabishano kuhusu umri maana huyu anasema ana miaka 13 na cheti cha kuzaliwa hakuna. Mwisho wa yote vifungo vya kati ya miaka miwili na saba. Fikiria serikali ya Ulaya inapiga hesabu hiyo kwa kila boti. Halafu kuna jambo ambalo hawalisemi kwa sauti: akimaliza kifungo Hamburg huwezi kumrudisha Mogadishu ya wakati ule, ataomba hifadhi.

#4 Karani_wa_Kizingo

Ahsante ndugu yangu kwa uzi. Mie ni wa Mombasa, miaka hiyo nilikuwa karani kwenye ofisi ya wakili aliyewatetea baadhi ya hawa watu, kwa hivyo karatasi unayoisema nimeibeba kwapani.

Kwenye barua imeandikwa mashahidi wataletwa. Sawa. Lakini shahidi ni baharia wa Kihispania, zamu yake ishakwisha, yuko kwao na mkewe. Kesi yatajwa, shahidi hayupo, yaahirishwa. Yatajwa tena, mkalimani wa Kisomali kapangiwa kesi mbili siku moja, yaahirishwa. Watuhumiwa wamekaa pale wametulia kama wako msikitini, hawaelewi Kiingereza wala Kiswahili. Umoja wa Mataifa kupitia ofisi yake ya dawa za kulevya na uhalifu wakajenga mahakama ndani ya eneo la gereza la Shimo la Tewa, ikafunguliwa Juni 2010. Jengo zuri, tena lenye ulinzi. Na hapo ujue notisi ya Kenya ya kujitoa ilikuwa ishatolewa tangu Aprili! Yaani ukumbi wafunguliwa na mwenye nyumba ashaaga.

Kisha Novemba 2010 Jaji Mohamed Ibrahim wa Mahakama Kuu hapa Mombasa akaamua kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na uwezo wa kusikiliza makosa yaliyotendwa nje ya maji yetu kwa sheria iliyotumika kuwashtaki. Pakawa kimya ofisini, hata wakili wetu hakuamini. Barua ya kimataifa yasema tutawashtaki, sheria ya nyumbani yasema huna ruhusa. Mahakama ya Rufaa ilikuja kuupindua uamuzi huo Oktoba 2012, lakini kwa miaka miwili kila mmoja alikuwa hajui asimame wapi.

Ukiniuliza mie, kosa la msingi ni hilo. Walitangulia kuandikiana barua kabla ya kuuliza sheria ya mwenyeji yasemaje.

#5 MamaSalma_Tanga

Samahanini, mimi naona mnazunguka mbuyu. Wenye manowari ni wao, wenye meli nyingi zinazopita ni wao, wakikamata wanatuletea sisi tuwalishe, tuwalinde, tuwape mawakili, halafu ndugu zao wa Al-Shabaab watukasirikie sisi. Huo ni ushirikiano gani? Ni kama jirani anakamata mwizi nyumbani kwake anakuja kumfungia kwenye banda lako la kuku. Kenya walifanya vizuri kutoka.

#6 Wakala_wa_Gati

Dada MamaSalma, nusu nakuunga mkono. Wetang'ula alipokuwa waziri wa mambo ya nje alilisema hadharani, kwamba mzigo umeachiwa Kenya na washirika hawakutimiza ahadi.

Nusu ya pili sikubali. Meli zikikwepa Bandari ya Dar au kuongeza bima, anayelipa ni wewe ukinunua ngano. Niliwahi kukaa na mteja aliyekuwa analia kweli, makontena yake yamezungushwa mbali na njia ya kawaida, na nyongeza ya gharama imeandikwa kwenye ankara kwa mstari mmoja tu: hatari ya vita. Na meli zilizosindikizwa kwanza na Atalanta zilikuwa zimebeba chakula cha Wasomali. Kwa hiyo banda la kuku ni letu lakini kuku pia ni wetu.

Shelisheli ni visiwa vya watu wasiofika laki moja wakati ule, na walikubali. Uvuvi wa jodari na watalii vilikuwa vinakufa. Ila wao walikuwa wajanja kuliko sisi wote: walisisitiza njia ya kutokea, wafungwa wakishahukumiwa wakamalizie vifungo Somalia, kwenye magereza yaliyokarabatiwa na kujengwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa kule Hargeisa na Garowe.

#7 Mwanasheria_Uchwara

Mleta mada, uzi mzuri ila nirekebishe kitu kwenye #1. Mahakama ile ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, haikuufuta mkataba wa Tanzania. Ilichofuta ni uamuzi wa Baraza la Umoja wa Ulaya wa kuusaini, kwa sababu Bunge lao halikupewa taarifa mara moja na kwa ukamilifu katika hatua zote. Na papo hapo ikaamuru athari za uamuzi huo ziendelee, kwa hiyo mkataba ulibaki kama ulivyo. Kesi ya mkataba wa Mauritius ilikuwa imeamuliwa hivyohivyo Juni 2014. Bunge lilitaka pia mahakama iseme kwamba huu ni mkataba wa masuala ya mahakama na polisi, ili lenyewe lipate kura. Hapo lilishindwa. Mahakama ilisema ni mkataba wa sera ya nje na usalama.

Ujue sasa wanachogombania. Wazungu wale hawagombani kuhusu haramia. Wanagombana nani anapaswa kuonyeshwa karatasi kabla haijasainiwa. Sisi huku ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Utajaza mwenyewe.

Pili, watu wanachanganya mikataba ya aina tatu. Ipo ya kukabidhi watuhumiwa, hii tunayoisema. Ipo ya hadhi ya majeshi, kati ya kikosi na nchi inayopokea: askari akigonga mtu na gari atashtakiwa wapi, kodi ya forodha analipa au halipi, sare anavaa au havai, redio anatumia masafa gani. Na ipo ya ushiriki, kati ya anayeongoza operesheni na nchi ya nje inayochangia. Umoja wa Ulaya unayo ya jumla na nchi nyingi, Norway, Kanada, Uturuki, Ukraine, Marekani, New Zealand, Korea Kusini, ili kila operesheni ikija wasianze mazungumzo upya. Ndiyo maana Norway na Ukraine waliweza kuwa ndani ya Atalanta bila kuwa wanachama.

Ukiisoma hiyo ya ushiriki utacheka. Mchangiaji anajilipia mwenyewe gharama zake. Askari wake akikosea, mahakama za kwao ndizo zinazomshughulikia. Anapata sauti sawa na wengine kwenye uendeshaji wa kila siku. Ila kuanzisha operesheni na kuifunga si kazi yake, ataulizwa maoni tu. Kama harusi: umechangia, unakaa meza ya mbele, lakini tarehe hupangi wewe.

#8 Wakala_wa_Gati

@Mwanasheria nimekosea, asante. Sitafuta nilichoandika ili watu waone rekebisho lako.

#9 Mgeni_Nairobi

Wadau, hii ya Karani kwamba walitangulia barua kabla ya sheria, sisi Kenya tumeirudia juzi tu na hatukujifunza kitu. Haiti.

Oktoba 2, 2023 Baraza la Usalama linapitisha azimio 2699, Kenya iongoze kikosi cha kusaidia polisi wa Haiti dhidi ya magenge. Tunapiga makofi. Januari 26, 2024 Jaji Chacha Mwita anasema ngojeni kwanza. Sheria ya Huduma ya Polisi inaruhusu polisi kupelekwa nje kwa nchi ambayo tuna mpango wa kupeana nayo, yaani sheria yao nayo iturudishie vivyo hivyo, na nchi hiyo yenyewe iombe. Mpango huo haupo. Na Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kutuma polisi nje. Haijalishi New York wamesema nini.

Serikali ikakimbilia kurekebisha. Machi 1, 2024 Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, yuko Nairobi, makubaliano yanasainiwa mbele yake na Rais Ruto. Halafu angalia mambo ya Mungu: magenge yakashika barabara za Port-au-Prince wakati mgeni bado yuko safarini, uwanja wa ndege ukafungwa, akaishia Puerto Rico, na kabla ya katikati ya mwezi ametangaza atajiuzulu. Wino haujakauka, mwenye kalamu hana ofisi. Waliosema mahakamani kwamba Henry hakuchaguliwa na mtu hivyo hawezi kuifunga Haiti kwa mkataba, waliendelea kusema hivyo. Polisi 400 wa kwanza walitua Juni 25, 2024.

Mimi sipingi kusaidia Haiti. Napinga kufanya karatasi kuwa kazi ya mwisho. Askari ni mtoto wa mtu, akipigwa risasi kule mamake atauliza bima ni ya nani, nani analipa, na jibu linatakiwa liwe limeandikwa kabla hajapanda ndege. Mfuko wa ile operesheni ulitegemea michango ya hiari, ndiyo maana ilipungukiwa tangu siku ya kwanza, watu na vifaa. Septemba 2025 Baraza la Usalama likaamua kuigeuza kuwa kikosi kingine kabisa.

#10 MamaSalma_Tanga

Hili la mama wa askari limenigusa. Sina la kuongeza.

#11 Goma_Kwetu

Jambo wote. Niko Goma, Kiswahili yangu mnaijua, mtavumilia.

Nyinyi munasema karatasi ilichelewa. Sisi huku karatasi iliwahi, na bado ikatuletea shida. Tarehe 8 Septemba 2022 Kinshasa na Jumuiya ya Afrika Mashariki walisaini ile ya hadhi ya kikosi, miezi sita, inaweza kuongezewa. Wakenya wakaingia Goma Novemba. Watu walitoka barabarani kuwaona, watoto wanapunga mikono. Sisi tulijua wamekuja kupiga waasi wa M23. Serikali yetu ilisema vile. Wao wakasema hapana, tumekuja kusimamia M23 waondoke mahali walishika, na kulinda raia. Karatasi moja, kila mtu alisoma na macho yake.

Februari 2023 watu wakaandamana hapa mjini, wanauliza hawa wanafanya nini. Aprili kamanda wao, Jenerali Nyagah, akaacha kazi, akisema usalama wake uko hatarini. Desemba 2023 muda ukaisha, serikali ikakataa kuongeza, wakatoka. Mwezi uleule wakaingia wale wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, hao karatasi yao ilisema kabisa watasaidia jeshi letu kupigana. Unajua ilifika wapi. Januari 2025 M23 wakaingia Goma, Machi viongozi wa SADC wakafunga ile misioni. Askari wa wenyewe walikuwa wamefungiwa ndani ya kambi.

Kwa hiyo mimi naomba mwanasheria aniambie. Neno likiandikwa laini ili wote wasaini, halafu kila mmoja aende kwake kusema lile anapenda, hiyo ni makosa ya karatasi ao ni makosa ya wenye kusaini?

#12 Mwanasheria_Uchwara

@Goma_Kwetu, pole sana kaka. Jibu la darasani ni kwamba mkataba wa hadhi ya majeshi hauwezi kubeba swali lako, kwa sababu haukuandikwa kueleza kazi ya kikosi. Unaeleza askari ataishije. Kazi yenyewe iko kwenye hati nyingine, maagizo ya operesheni na maazimio ya wakuu wa nchi, ambayo raia hupewa kwa muhtasari wa mkutano wa waandishi. Mkawa mmeonyeshwa karatasi ya nyumba na chakula, ya vita ikabaki kabatini.

Kwa kulinganisha, Bunia, mashariki mwa Kongo, 2003. Azimio 1484 la Mei 30 lilitoa ruhusa kwa kikosi cha dharura, kikaja kile cha Ulaya kikiongozwa na Ufaransa, Operesheni Artemis, na ndani yake walikuwamo Afrika Kusini, Brazil na Kanada. Mipaka iliandikwa: mji wa Bunia, uwanja wa ndege, wakimbizi, na tarehe ya mwisho Septemba 1. Walilaumiwa sana kwa ufupi wake, maana mauaji yaliendelea nje ya mji, na lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini hakuna aliyesema hakujua wamekuja kufanya nini.

#13 Dodi_la_Pwani

Sasa turudi baharini kabla uzi haujafungwa. @Karani, wale ambao mahakama iliwaachia? Mtu umemtoa bahari kuu kwa manowari ya Ulaya, umemleta Mombasa, hakimu anasema huna hatia, kwenda zako. Anaenda zake wapi?

#14 Karani_wa_Kizingo

Dodi, umeuliza swali ambalo ofisini tulikuwa twaulizana kila Ijumaa. Kwenye barua zile kulikuwa na mistari ya jinsi ya kumpokea, kumtunza, kumshtaki, kutomnyonga, kutompeleka kwingine. Ya kumrudisha mtu aliyeshinda kesi mie sikuiona, na nilizisoma hadi zikachakaa. Akitoka gerezani hana pasi, hana kibali cha kuwa Kenya, hakuja kwa hiari yake, na polisi akimsimamisha Barabara ya Mombasa–Malindi anaweza kumfunga upya kwa kuingia nchini bila ruhusa. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ndiyo iliyokuja kusaidia kuwasafirisha kwao.

Mmoja siku ya kuachiwa alituuliza kupitia kwa mkalimani, boti yake na mashine yake zitarudishwa na nani. Zilikuwa kwenye orodha ya vielelezo. Wakili akaniangalia mie, mie nikaangalia faili.

#15 Wakala_wa_Gati

Mkataba wa Tanzania jina lake lote ni wa kukabidhi watuhumiwa "na mali iliyokamatwa". Kesho naanza na vifungu vya mali, nitarudi hapa.